Kumi na Saba

Msabila, mwana wa dereva wa treni,
aliingia chumba namba nne na soksi mpya
na barua ya shirika la reli iliyokunjwa mpaka ikachoka.
Nikampa kitabu cha nukta. Ukurasa wa kwanza
akasema kumi na mbili, kama kila mtu.
Ukurasa wa pili akanyamaza.
"Kuna namba hapa?"
Sina ruhusa ya kujibu swali hilo.
"Naona mtama," akasema, "mtama uliomwagika,
na hakuna kuku aliyeandika kitu."

Nikazima taa, nikamsogezea mashine,
ile ya mkopo, bawaba yake imefungwa kwa uzi wa kiatu.
Ndani mna duara dogo kama sarafu, limekatwa kati.
Chini ni manjano tupu,
nanomita mia tano themanini na tisa.
Juu ni nyekundu na kijani zilizokorogwa pamoja,
na mkorogaji ni wewe.
Zungusha, nikamwambia, mpaka mstari wa katikati ufe.

Nje injini ilikuwa ikipanga mabehewa,
ya Mwanza upande huu, ya Kigoma upande ule.
Akazungusha kama anayetafuta stesheni ya redio porini,
akapita, akarudi, akapita kidogo.
"Hapo. Zimekuwa moja."

Nikainama, nikatazama.
Kwangu mimi ile ya juu ilikuwa kijani kama ndimu changa,
ya chini manjano,
na mstari umesimama kati yake kama ukuta wa gereza.
Nikaandika: kumi na saba.
Mimi mwenyewe hukubali kwenye arobaini na mbili.
Nikampelekea arobaini na mbili yangu. Akacheka.
"Dada, hii ya juu ni nyekundu kabisa. Unanitega."

Miaka kumi na moja nafanya kazi hii
na watu bado hudhani napima rangi.
Nani aliwahi kuipandisha rangi kwenye mizani?
Mimi napima mahali mtu anapoacha kubishana na macho yake.

Kijani, aliniambia, anaijua
kama mtu anavyolijua jina la jirani
bila kuvuka kizingiti cha nyumba yake.
Majani ni kijani: alifundishwa, akashika.
Nyanya huzipima kwa kidole gumba.

Nikamkumbuka shangazi Kalunde
na muuza vitenge wake wa Isevya,
wanavyogombana kila mwezi juu ya damu ya mzee,
huyu akisema imezidi wekundu, yule akisema imefifia,
wala hakuna aliyewahi kuuliza ni mzee gani,
wala alijikata na nini.
Lugha yetu nayo ilizungusha kijigurudumu gizani:
ikachukua manjano jikoni, majivu mekoni,
zambarau mtini, kahawa kikombeni,
ikasema hapo,
ikaenda zake kulala.

"Sasa nani amekosea?" akauliza taa ilipowaka.
Nilitaka kusema hakuna.
Mara tano nilivuruga kipimo, mara tano alirudi
kumi na saba, kumi na saba,
mkono wake hautetemeki.
Lakini fomu ina visanduku viwili,
na usiku, kwenye njiapanda hii ya reli,
taa ya mkono huwa moja tu, haina juu wala chini,
na nyuma ya anayeitazama
kuna mabehewa kumi na manne ya watu waliolala.
Nikatia alama kwenye kile cha pili.

Hakubisha. Alichukua karatasi, akaiinua kwenye balbu.
"Hii ni nyeupe," akasema. "Hapo angalau tumekubaliana?"
Balbu ilikuwa ya zile za zamani,
na karatasi ilikuwa imelala kabatini
tangu masika ya mwaka juzi.
"Nyeupe," nikasema.